Habari za Motakaa Kuukuu Katika Nchi ya Tanga

Ndugu wasomaji, na hasa ninyi walimu, msistaajabu kuona habari za motakaa mbovu katika kitabu cha jubilii. Nchi yetu, tangu Moa hata Pangani, na juu hata milima ya Usambara, ina magari mengi yaliyokufa: nyuma ya nyumba, chini ya miembe, katika mashamba ya katani. Watoto hucheza ndani yake na kuku hutaga humo. Watu husema, “Lile liko juu ya mawe,” wakapita. Walakini kwa miaka mingi magari haya yaliyokufa ndiyo yaliyoyaweka hai yale yaliyokwenda.

Kazi ya kutwaa kitu kilichoachwa na kukitumia si ngeni katika pwani hii. Kabla ya motakaa kuenea ilifanyika kwa meli. Tarehe 14 Aprili 1915, zamani za Vita Kuu vya Kwanza, meli ya Wadachi iliingia ghuba ya Manza, kaskazini ya mji wa Tanga. Jina lake la kweli lilikuwa Rubens, ila ilijificha kwa jina la Kidenmark, Kronborg. Ndani yake mlikuwa na bunduki, risasi na makaa ya mawe. Manowari ya Waingereza, Hyacinth, ikaifuata na kuipiga mizinga. Nahodha akaipandisha penye maji machache, nayo ikawaka moto. Waingereza wakaenda zao, wakidhani kazi imekwisha. Ndipo wapiga mbizi waliposhuka wakatoa shehena. Risasi zilizolowa zilifunguliwa, baruti ikaanikwa, zikafungwa tena, na vita vikaendelea. Sisi hatuvisifu vita vile, maana wapagazi wa nchi hii waliokufa kwa ajili yake hawana idadi iliyo sahihi. Twaitaja meli kwa kuwa aliyeiacha aliiona mzoga, na aliyeikuta aliiona ghala. Katika vita vivyo hivyo reli ndogo za mashamba ziling’olewa, zikatandikwa toka Mombo kwenda Handeni, na watu wakasukuma vigari juu yake kwa mikono.

Sasa tuje kwenye motakaa. Miche ya katani iliyoletwa na Dr. Hindorf katika miaka ya 1890 ilizaa mashamba makubwa, na mashamba yakataka malori na matrekta. Mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 230,000 za katani. Baadaye kamba za viwandani zikashusha bei, mashamba yakadhoofika, na magari yakabaki pale yalipozimika.

Katika magari yote, lililo bora kwa kazi tunayoisimulia ni Land Rover. Waingereza walianza kuiuza mwaka 1948. Kwa kuwa mabati ya chuma yalikuwa adimu baada ya vita, bodi yake ilifanywa kwa alumini, bali chasisi ikawa ya chuma. Mtu wa bara aweza kulidharau jambo hili. Mtu wa pwani hathubutu. Upepo wa bahari huleta chumvi, chumvi huvuta unyevu wa hewani, na viwili hivyo hula chuma usiku na mchana, hata gari likiwa limelala. Alumini haioti kutu nyekundu. Hutoka unga mweupe tu pale inapogusana na chuma. Basi Land Rover ya Tanga huoza toka chini: chasisi hukatika, na juu milango ni mizima. Ile ya Lushoto, isiyojua chumvi, huweza kuwa na chasisi nzuri, ila injini na bodi zimechoshwa na milima na mawe. Na kwa kuwa bodi imefungwa kwa boliti, fundi mwenye spana na subira aweza kutwaa chini ya hii na juu ya ile.

Lakini hapo ndipo penye uchungu. Magari mawili mabovu hutoa moja zima, na lazima mtu aamue lipi lile na lipi liliwe. Mwenye gari hutazama rangi, au hukumbuka safari alizosafiri nalo. Fundi mwema hulala chini akagonga chasisi kwa nyundo na kusikiliza.

Uamuzi huu ulikuwa mzito kupita wakati wote tangu Februari 1977, mpaka wa Kenya ulipofungwa, hata Novemba 1983. Kwa watu wa Tanga, ambao Mombasa i karibu kuliko Dar es Salaam, njia ya Horohoro ilikuwa imekufa. Kisha vikaja vita vya Uganda, na fedha za kigeni zikapotea. Sisi tulikuwa hatujazaliwa au tungali wachanga. Baba zetu ndio waliotusimulia jinsi giaboksi moja ilivyohama gari hata gari. Mwaka 1983, wahujumu uchumi walipokuwa wakisakwa, mwenye maboksi ya spea mpya aliogopa kuonekana nayo. Gari bovu nyuma ya nyumba, twadhani, halikumtia mtu mashaka. Watu wa Kuba nao wamefanya vivyo hivyo, wakiendesha magari ya Marekani yaliyoingia kabla ya biashara kukatazwa.

Bajeti ya 1984 iliwaruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, bila kuulizwa sana walizipata wapi. Baadaye magari ya Japani yaliyokwisha kutumika yakaja kwa wingi, na makuukuu yakasahauliwa. Hayakusahauliwa na kodi. Ada ya leseni ya kila mwaka iliendelea kuhesabiwa ijapokuwa gari halikwenda hata hatua moja, hata deni likaweza kuzidi thamani ya gari. Ada hiyo ilifutwa mwaka 2017 pamoja na malimbikizo yake, ikahamishiwa katika bei ya mafuta.

Leo wako wanunuzi wa vyuma chakavu, nao hupima kwa kilo. Kwenye mizani giaboksi nzima na giaboksi iliyovunjika ni mamoja. Huko Uingereza watu hununua Land Rover iliyooza kwa fedha nyingi ili waifufue kwa kujifurahisha, na Oktoba 2024 mamia ya Land Rover yalikusanyika Arusha kwa tamasha. Katika mitaa yetu yangaliko machache yaliyochukua walimu na wagonjwa. Kabla ya kumwita mwenye mizani, yafaa itafutwe kadi ya gari katika sanduku la ofisi, isomwe namba iliyopigwa kwenye chasisi, na fundi mzee aletwe na nyundo yake.