Gavana Aliyechorwa Kasuku

Leo tutazungumza juu ya picha za dhihaka, yaani katuni, na jinsi zilivyowasumbua wakubwa wa Marekani mwanzoni mwa karne ya ishirini.

Mwaka 1902, katika jimbo la Pennsylvania, chama cha Republican kilimsimamisha Jaji Samuel Pennypacker agombee ugavana. Lakini mwenye nguvu hasa katika chama pale jimboni alikuwa Seneta Matthew Quay, tena jamaa yake Jaji. Basi Charles Nelan, mchoraji wa gazeti moja la Philadelphia, akamchora Jaji kuwa kasuku. Kasuku, kama mjuavyo, husema aliyofundishwa na mwenyewe. Hata asiyejua kusoma aliweza kuielewa picha ile, na kwa hiyo iliuma kuliko makala ya ukurasa mzima.

Pennypacker alishinda, lakini hakusahau. Mapema mwaka 1903 mjumbe mmoja wa baraza la kutunga sheria, Bwana Frederick Pusey, alileta mswada wa kukataza mtu yeyote asichorwe kwa umbo la mnyama, ndege, samaki wala mdudu.

Sasa sikilizeni ujanja wa wachoraji. Walt McDougall, wa gazeti lile lile, aliusoma mswada akaona kwamba mboga hazikutajwa. Akamchora Gavana kuwa kopo la bia lenye povu, na Bwana Pusey kuwa kiazi kidogo! Mswada ule haukupita.

Hata hivyo, mwezi wa Mei mwaka ule ule, Gavana alitia sahihi sheria nyingine. Hiyo haikutaja ndege wala samaki. Iliwataka wenye magazeti wachapishe majina ya wamiliki na wahariri wao, nayo ikamrahisishia mtu kulishtaki gazeti kwa uzembe. Kutaja majina si jambo baya. Msomaji ana haki ya kujua ni nani anayesema naye. Lakini nionavyo mimi, sheria hiyo ilikuwa ya hatari kuliko ule mswada wa kwanza. Mswada ulijiaibisha wenyewe, watu wakaucheka. Ya pili ilivaa joho la haki, na mhariri mwenye fedha kidogo angefikiri mara mbili kabla ya kuchapa picha ya mkubwa.

Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1907, Pennypacker alipokuwa ameshaondoka madarakani.