Kukandika Mwamba: Kutoka Tembe la Kwihara hadi Mashimo ya Msalala

Mwaka 1872 Livingstone na Stanley walikaa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, katika tembe: nyumba ya ukuta mnene wa udongo na paa bapa. Nyumba za namna hiyo zilijaa kwenye njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Kwenye tembe la miti, nguzo na fito ndizo hubeba uzito. Udongo, hasa ule wa kichuguu, kazi yake ni kuziba mianya na kushikanisha. Usipokandika upya baada ya mvua, hubanduka kipande kimoja, kisha kingine, mwishowe pembe nzima.

Njia nyingine ilitoka Tabora kuelekea kaskazini, ikapita Usumbwa hadi Karagwe na Buganda. Pande hizo leo kuna Bulyanhulu, katika Halmashauri ya Msalala, mgodi wa chini kwa chini ulioanza kutoa dhahabu mwaka 2001, wenye shimo la wima linalozidi mita 1,000. Kwenye kina hicho, baruti ikishalipuka, mwamba uliokuwa umebanwa pande zote hubaki wazi upande mmoja. Nyufa hufunguka, hewa na unyevu hupenya. Mara nyingi maafa huanzia kwenye jiwe dogo lililokaa kama kabari: likichomoka, makubwa yaliyoliegemea hufuata. Ndiyo maana ukuta hufungwa kwa boliti ndefu na wavu wa chuma, kisha, kama tembe linavyokandikwa, hupuliziwa zege lenye unene wa milimita 50 hadi 100 au zaidi.

Mtu aliyetuachia zege hilo la kupuliza hakuwa mchimbaji. Carl Akeley alikuwa fundi wa kukausha na kuunda upya wanyama kwa ajili ya maonyesho, katika jumba la makumbusho la Field, Chicago. Mwaka 1907, kuta za nje za jumba hilo zikiwa zinabanduka, alitengeneza mtambo wa kusukuma mchanga na saruji vikavu kwa upepo ndani ya mpira. Maji yalikutana na mchanganyiko huo pale mdomoni tu, na kishindo cha kurushwa kikaushindilia ukutani. Hati ya ubunifu aliipata mwaka 1911. Miaka mitatu baadaye mtambo ukaingizwa kwenye mgodi wa majaribio wa Bruceton, Pennsylvania, na katika miaka ya 1960 wahandisi wa Austria wakaufanya mhimili wa uchimbaji wa mahandaki. Akeley mwenyewe alisafiri Afrika mara kwa mara. Alifariki Novemba 1926 kwenye miteremko ya Mikeno, Kongo ya Mashariki, alikopigania kuanzishwa kwa hifadhi ya sokwe wa milimani, na huko ndiko alikozikwa. Historia yetu ya ufundi inapaswa kumtaja.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, Kanada na baadaye Afrika Kusini zilijaribu kitu chembamba zaidi: utando wa plastiki ya majimaji wa milimita 3 hadi 5, unaokauka kwa dakika au saa chache. Faida yake ni wazi, kwa kuwa kila tani ya saruji inayoteremshwa shimoni ni gharama. Lakini utando huo hudai mwamba safi, baadhi ya kemikali zake ni hatari kwa anayepulizia, na haubebi uzito mkubwa. Zege bado halijapata mrithi.

Ufundi wote huu umeishia ndani ya uzio wa makampuni. Kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, kinachozuia ukuta ni matimba (magogo ya kuegemeza), na mara nyingi ni machache. Oktoba 2015, huko Nyangalata, Kahama, shimo lilifukia watu. Watano walitolewa hai baada ya siku 41. Kwenye baadhi ya maduara tayari kuna kompresa ya kutobolea mwamba, na mtambo wa Akeley ulihitaji upepo, mchanga, saruji na maji. Vituo vya mfano vya wachimbaji wadogo, huko Lwamgasa na Katente, vimewekewa mitambo ya kuchenjua dhahabu. Ningependa mtambo wa kupuliza zege nao ufungwe hapo, pamoja na mwalimu wa kufundisha namna ya kuutumia.