Nguo za Kulalia Zilizobeba Sumu: Marekani katika Miaka ya 1970

Katika miaka ya 1970, wazazi nchini Marekani waliwavisha watoto nguo za kulalia zilizotiwa kemikali ya kuzuia moto, wakiamini kwamba wanawalinda. Insha hii inaeleza jinsi kinga hiyo ilivyogeuka kuwa hatari.

Nia ilikuwa njema. Watoto walikuwa wakiungua nguo zao zinaposhika moto, kwa hiyo serikali ikatoa kanuni kwamba nguo zao za kulalia zisiwake kwa urahisi. Lakini kanuni ilitaja kipimo cha moto tu. Haikuuliza viwanda vitatumia nini ili kukifikia. Viwanda vingi vilichagua Tris, kemikali yenye bromini, ambayo iliweza kufikia hata asilimia 5 hadi 10 ya uzito wa kitambaa.

Januari 1977, Arlene Blum na Bruce Ames waliandika katika jarida la Science kwamba Tris hubadilisha chembe za urithi za bakteria, na kwamba huenda inaleta saratani. Majaribio kwa panya nayo yalionyesha uvimbe wa saratani. Aprili mwaka huohuo nguo hizo zikapigwa marufuku. Mwaka 1978, Blum na wenzake walionyesha kwamba mabaki ya Tris yamo katika mkojo wa watoto waliozivaa. Sumu ilikuwa imeingia mwilini.

Hata hivyo, mambo hayakuishia hapo. Baadhi ya viwanda vilihamia kwenye Tris yenye klorini, nayo ikaonekana kuwa na hatari na kuachwa katika nguo hizo. Baadaye kemikali hiyohiyo ilitumika katika sponji za makochi, ambako watoto hucheza na kulala. Huko ndiko kuruka majivu na kukanyaga moto.

Jambo lililonigusa zaidi ni hili: baada ya marufuku, wafanyabiashara waliendelea kuuza shehena za nguo hizo nje ya Marekani, mpaka serikali ilipozuia usafirishaji mwaka 1978. Mtoto wa nchi nyingine alihesabiwa kuwa soko. Sisi tunaonunua mitumba, au mivumba kama tunavyosema Kampala, tuna haki ya kuuliza swali ambalo kanuni ile haikuuliza: ndani ya kitambaa hiki mmetia nini?