Figo ya Ndugu Nayo Mgeni

Jina la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kile kikosi cha wapagazi cha Waingereza kilichokaa hapa baada ya Wajerumani kuondolewa Dar es Salaam mwaka 1916. Wapagazi wenyewe walitoka makabila chungu nzima, na mpaka leo ukisimama Mtaa wa Congo huwezi kujua nani mwenyeji nani wa kuja. Mwili wa binadamu hauko hivyo, bwana. Mwili unamjua mgeni hata akiwa wa tumbo moja.

Nilianza kuisoma habari hii kwa sababu ya mama mmoja wa mtaani kwetu, muuza vitenge, aliyepewa figo na mdogo wake. Saa mbili asubuhi na saa mbili usiku anameza vidonge, wateja wawepo wasiwepo. Siku moja nikamwuliza, "Shikamoo mama, si ulishapona?" Akasema, "Marahaba mwanangu. Nimepona, ila mwili wangu haujakubali kwamba hii figo ni ya kwetu."

Kumbe alichosema ndicho kilichowasumbua wataalamu miaka na miaka. Mwaka 1943, vita vikiendelea, Peter Medawar na mpasuaji Thomas Gibson walieleza habari za mgonjwa wa Glasgow aliyeungua, wakambandika ngozi ya mtu mwingine. Ikakataliwa. Wakarudia kwa ngozi ya mtu yule yule, na safari hii ikakataliwa upesi zaidi. Maana yake mwili unakumbuka! Kinga ilikuwa imeshamweka mgeni yule kwenye daftari.

Halafu wakaja ng'ombe. Mwaka 1945 Ray Owen, kule Marekani, aliona kwamba ndama pacha waliochangia damu tumboni hubeba chembe za damu za wenzao maisha yao yote, bila ugomvi. Medawar na wenzake Billingham na Brent wakalijaribu jambo hilo kwa panya: wakawadunga wakiwa bado tumboni chembe za panya wa ukoo mwingine. Walipokua, wakapokea ngozi ya ukoo ule kama yao. Hiyo ilikuwa 1953, na mwaka 1960 Medawar akapata Tuzo ya Nobel pamoja na Burnet wa Australia.

Safi, lakini nani atamdunga mtoto tumboni eti kwa sababu akifika miaka arobaini huenda figo zikafa? Ndiyo maana figo ya kwanza kufanikiwa, Boston, Desemba 1954, ilitoka kwa pacha wa kufanana, Ronald Herrick, kwenda kwa Richard. Hapo kinga haikuwa na mgeni wa kumfukuza. Sisi wengine tusio na pacha tukabaki kungoja dawa. Ikaja azathioprini, kisha saiklosporini iliyotokana na kuvu wa udongoni, ikaruhusiwa Marekani mwaka 1983.

Dawa hizi zimeokoa watu, sibishi. Lakini kazi yake ni kuwalaza walinzi, na walinzi wakilala si figo peke yake inayopita mlangoni. Kifua kikuu nacho kinapita. Mtu anayeshinda kwenye msongamano wa Kariakoo na kurudi na daladala iliyojaa mpaka mlangoni ana cha kuogopa kuliko mwenzake wa Boston. Na akizikosa dawa, figo inaweza kwenda na maji.

Hospitali ya Taifa Muhimbili, hapo Upanga, ilipandikiza figo ya kwanza Novemba 2017 ikisaidiana na madaktari kutoka India. Kabla ya hapo wagonjwa walipelekwa India. Tulishangilia, na haki yetu. Ila upasuaji ni wa saa chache. Vidonge ni vya kila siku.

Ndiyo maana nasema utafiti wa kuuzoesha mwili si anasa ya wazungu. Mwaka 2008 madaktari wa Boston walitoa taarifa ya wagonjwa watano waliopewa figo pamoja na uboho wa mtoaji yule yule, ili kinga ya pande mbili ikutane. Wanne wakaacha dawa kabisa. Wa tano figo yake ilikataliwa. Na Nobel ya 2025 imekwenda kwa Sakaguchi wa Japani, Brunkow na Ramsdell, waliofichua seli zinazowatuliza askari wengine wa mwili wasipige ovyo. Sasa wapo wanaojaribu kuzikuza seli hizo na kumrudishia mgonjwa.

Nilimweleza mama habari za wale wanne. Akauliza jambo moja tu: uboho unatolewa wapi, mgongoni au kiunoni, maana mdogo wake anaogopa sindano.