Mwanafunzi Aliyekimbia Daftari na Vita vya Matangazo Mtandaoni

Waliopanga foleni kwenye kafe za intaneti miaka ya mwanzo ya 2000 wanaikumbuka adha yenyewe. Umelipia nusu saa. Unafungua barua pepe, mtandao unajikokota, na kabla herufi ya kwanza haijatokea linachomoza dirisha dogo: mpige nyani ngumi ujishindie zawadi. Unalifunga, linakuja la kamera za kuwekwa nyumbani. Ukimaliza shughuli zako na kufunga kila kitu, unakuta matatu mengine yamejibanza chini yake, yakikungoja uondoke. Kwenye kafe niliyoizoea mimi, kijana wa kaunta alikuwa na jibu moja kwa kila aliyelalamika: "We funga tu, kaka, yataisha." Hayakuisha, na dakika zilikuwa zinahesabiwa.

Mwanzoni kabisa mambo yalikuwa ya amani. Tarehe 27 Oktoba 1994, tovuti ya HotWired ya San Francisco, tawi la mtandaoni la jarida la Wired, ilibandika mkanda mwembamba wa kampuni ya simu ya AT&T juu ya kurasa zake. Mkanda ule uliuliza kama umewahi kubofya hapa, kisha ukakuhakikishia kuwa utabofya. Inasimuliwa kwamba asilimia 44 ya waliouona waliubofya kweli. Leo tangazo la aina hiyo likibofywa na mtu mmoja kati ya mia, mwenye tangazo anafanya sherehe. Wa mwaka ule walibofya kwa hamu ya mtoto aliyeona swichi ukutani.

Madirisha ya kuchomoza yalikuja baadaye kidogo, na aliyeandika msimbo wake anajulikana kwa jina. Ethan Zuckerman alikuwa mfanyakazi wa Tripod, kampuni ya Massachusetts iliyowapa watu wa kawaida nafasi ya kutengeneza kurasa zao bure na kuingiza fedha kwa matangazo. Siku moja kampuni moja ya magari ilikuta tangazo lake limekaa juu ya ukurasa wa mambo ya chumbani, ikaja juu. Zuckerman akatafuta njia ya kulitenga tangazo na ukurasa, akaona suluhisho ni kulifungulia dirisha lake lenyewe. Nia haikuwa mbaya. Mwaka 2014 aliandika makala ndefu katika jarida la The Atlantic akaomba radhi. Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kumsamehe mapema: huyuhuyu ni mmoja wa waanzilishi wa Global Voices, mtandao wa habari ambao watu wanaojitolea wamekuwa wakiutafsiri hadi kwa Kiswahili.

Walioudhika mapema walikuwa mafundi, na dawa zao zilikuwa za kifundi. Palikuwa na Internet Junkbuster, palikuwa na WebWasher iliyotoka kwa Wajerumani wa Siemens. Lakini ujanja nilioupenda mimi haukuhitaji kusakinisha chochote. Kila kompyuta ina faili ndogo iitwayo hosts, ambayo ni kama daftari la namba za simu: upande mmoja anwani ya namba, upande wa pili jina la tovuti. Kompyuta hulisoma daftari hilo kwanza kabla ya kwenda kuuliza nje. Basi fundi anafungua faili, anaongeza mstari mmoja:

127.0.0.1 ad.doubleclick.net

DoubleClick ilikuwa kampuni ya New York iliyosambaza matangazo kwenye maelfu ya tovuti, ile ambayo Google ilikuja kuinunua kwa dola bilioni 3.1. Na 127.0.0.1 ni namba ambayo kompyuta hujiitia yenyewe. Yaani ukurasa ukidai tangazo, kompyuta inakwenda kubisha hodi nyumbani kwake, haipati mtu, inaendelea na safari. Jamaa waliobadilishana mafaili ya aina hii walifikisha maelfu ya mistari, yote imeandikwa kwa mkono.

Hapo ndipo anapoingia mwanafunzi wetu. Mwaka 2002, Henrik Aasted Sørensen wa Copenhagen alipaswa kujisomea mtihani. Kama tunavyofanya wote mtihani unapokaribia, alijitafutia kazi nyingine ya kufanya. Kivinjari kipya kilichoitwa Phoenix, ambacho baadaye tulikijua kama Firefox, kilikuwa kinaruhusu mtu yeyote kukiongezea kiraka chake. Sørensen akaandika kiraka kidogo cha kuficha picha za matangazo, akakiita Adblock, akakiachia bure. Utajiri haukumfuata. Aliendelea na maisha yake, na wengine wakaipokea kazi.

Miaka miwili baadaye wenye vivinjari nao walichoka na madirisha ya kuchomoza. Mwaka 2004 Firefox 1.0 ilitoka ikiwa na kizuizi chake, na Microsoft ikaweka cha kwake kwenye Internet Explorer kupitia masahihisho ya Windows XP. Yule nyani wa kupigwa ngumi akapotea. Matangazo yenyewe hayakupotea, yalihamia ndani ya ukurasa, yakaanza kucheza, kuimba na kufunika maandishi.

Januari 2006, Wladimir Palant, mwandishi wa programu aliyekuwa Ujerumani, alitoa Adblock Plus iliyoandikwa upya. Sifa nyingi zimemwendea yeye, ila kwa maoni yangu kiungo muhimu kuliko vyote katika hadithi hii ni orodha inayoitwa EasyList. Programu ya kuzuia matangazo bila orodha ni kama askari asiyejua sura ya mwizi. EasyList ilianzishwa na Rick Petnel, na alipofariki mwaka 2009 wengine wa kujitolea waliipokea. Ni faili la maandishi matupu. Ukilifungua unakuta mistari kama huu:

||doubleclick.net^

Vile vijiti viwili vinasema: chochote kinachotoka kwenye anwani hii, hata kikija kwa tawi lake lolote, kisiingie. Mistari mingine haizuii anwani, inaficha tu kisanduku fulani ndani ya ukurasa ili pasibaki pengo jeupe. Tovuti fulani ikibadilisha jina la kisanduku chake leo jioni, kuna mtu atakayeketi usiku kuandika mstari mpya, na kesho yake vivinjari duniani kote vimeshaupokea. Hakuna anayemjua mtu huyo.

Watumiaji walipofika mamilioni, harufu ya fedha ikasikika. Mwaka 2011 Palant na Till Faida walianzisha kampuni ya Eyeo mjini Cologne, na Desemba ya mwaka huo wakaleta mpango wa "Matangazo Yanayokubalika". Tangazo lisilochezacheza, lisilofunika maandishi na lililoandikwa wazi kuwa ni tangazo, lingeachiwa lipite. Mtumiaji asiyetaka hata hayo angeweza kuzima ruhusa hiyo mwenyewe. Wadogo wasilipe. Wakubwa walipe, na Eyeo inasema malipo huwa asilimia 30 ya mapato ya ziada yanayopatikana kwa kuachiwa.

Mlinzi wa geti akaanza kutoza kiingilio. Mwaka 2015 gazeti la Financial Times liliandika kwamba Google, Microsoft na Amazon walikuwa miongoni mwa waliolipa. Wachapishaji wa Ujerumani walifura. Axel Springer, wenye gazeti la Bild, walikwenda mahakamani. Juni 2016 mahakama ya rufaa ya Cologne ikasema kuzuia matangazo si kosa, bali kuyaachia kwa malipo ni kosa. Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Shirikisho huko Karlsruhe ikaipa Eyeo ushindi mzima. Springer hawakukata tamaa, walirudi kwa mlango wa hakimiliki, wakidai kwamba kizuizi kinachezea msimbo wa kurasa zao, na Julai 2025 majaji wa Karlsruhe walirudisha kesi hiyo Hamburg isikilizwe upya.

Upande wa pili wa sarafu ni Raymond Hill, Mkanada. Mwaka 2014 alitoa programu aliyoiita uBlock, nyepesi isiyomaliza nguvu za kompyuta. Ilipata watu upesi, maswali na malalamiko yakammiminikia, akachoka. Aprili 2015 akamkabidhi mtu mwingine mradi. Mara ukurasa mpya ukaanza kuomba michango. Hill akachukua msimbo wake akaendelea kivyake kwa jina la uBlock Origin, na mpaka leo hapokei mchango wa mtu. Anasema mwenye kutaka kushukuru awashukuru wanaotunza orodha. Na ile uBlock aliyoiacha? Ilinunuliwa na AdBlock, programu nyingine ya kuzuia matangazo, tofauti na ile ya Sørensen, na mwaka 2019 ikaingia kwenye Matangazo Yanayokubalika. Geti likapata mlinzi mwingine wa kulipwa.

Kuna na aliyejisuta mwenyewe. Septemba 2015 Apple iliporuhusu vizuizi kwenye iPhone, mwandishi wa programu Marco Arment alitoa cha kwake, Peace, kikashika nafasi ya kwanza kati ya programu za kulipia Marekani. Baada ya siku mbili alikiondoa. Alisema mafanikio yale hayamkai vizuri moyoni, kwa sababu kizuizi hakibagui kati ya tovuti chafu na ya mtu anayejitafutia riziki kwa uaminifu.

Mwaka huohuo New York Times ilipima tovuti 50 za habari kwenye simu, ikakuta zaidi ya nusu ya data inaliwa na matangazo na vitu vyake. Kufungua ukurasa wa mbele wa Boston.com kila siku kwa mwezi mzima kungekugharimu kama dola 9.50 za data kwa ajili ya matangazo pekee. Kwetu, ambako mtu anapima bando kwa MB na anajua kwa kichwa zimebaki ngapi, hesabu hiyo haihitaji mtaalamu. Ndiyo sababu Opera Mini ilipendwa sana huku kabla hata ya kuwa na kizuizi: ilipitisha kurasa kwenye seva zake, ikazibana, ndipo ikakuletea. Mwaka 2016 ikawekewa na kizuizi cha matangazo ndani yake. Wengi walikiwasha ili bando lifike Ijumaa, habari ya faragha haikuwamo.

Si bando tu. Desemba 2022 FBI ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu matapeli wanaonunua matangazo yanayofanana na kampuni halali kwenye matokeo ya utafutaji, na moja ya ushauri wake kwa wananchi ilikuwa kutumia kizuia matangazo.

Uwanja wenyewe, hata hivyo, una mwenyewe. Google ndiye mwenye Chrome, na Google anaishi kwa matangazo. Mwaka 2018 alitangaza kanuni mpya za programu za nyongeza, Manifest V3. Zamani kizuizi kilisimama mlangoni na kukagua kila ombi linalopita. Sasa kinatakiwa kukabidhi orodha ya majina mapema, na mwenye kusimama mlangoni ni Chrome. Google wanasema ni kwa ajili ya usalama na kasi, na hoja ya usalama si ya kubeza, maana nyongeza inayoona kila ukurasa unaoufungua inaweza pia kukuibia. Lakini kufikia 2025 uBlock Origin ilikuwa imezimwa kwenye Chrome, na aliyeitaka kamili alirudi Firefox, nyumba ileile alikoanzia Sørensen akikimbia daftari.

Niseme na la kwangu, maana ninaandikia gazeti na mshahara wangu unatoka kwenye matangazo hayohayo. Wiki iliyopita niliifungua makala yangu mtandaoni nione kama mhariri amekata aya ya mwisho. Kizuizi kilikuwa kimewashwa. Pembeni ya kivinjari namba ya vilivyozuiwa ilipanda: 12, 31, 47. Kisha kisanduku kikafunika jina langu: tafadhali zima kizuia matangazo, waandishi wetu wanahitaji kulipwa. Nilikisoma mara mbili, halafu nikaanza kutafuta alama ya X iko pembe gani.