Duka la Kijijini na Kibaba Chake

Wasomaji wetu, mtu wa shamba aliyeishiwa na chumvi wakati wa magharibi hana nafasi ya kuchagua. Huenda duka lililo karibu, hununua apewacho, akarudi jikoni. Walakini duka jema halikuzuka kijijini kama uyoga, tena uko mwaka ambao maduka mengi ya vijijini yalifungwa kwa amri. Basi na tukumbushane habari hizo, zilizotokea katika nchi iliyoitwa Tanganyika, yaani Tanzania bara ya leo, tupate kujua duka jema hutambulikana kwa nini.

Hapo kale nafaka haikupimwa kwa mizani, ila kwa kibaba na pishi. Vibaba vinne ni pishi moja. Na kibaba kilikuwa cha namna mbili. Kibaba cha tele hurundikwa hata nafaka ikafanya kilele. Kibaba cha mfuto hufutwa juu hata ikawa sawa na ukingo. Muuzaji aliyenunua kwa tele na kuuza kwa mfuto alipata faida yake pasipo kusema uongo hata mmoja. Hapa twaona ya kuwa shida ya duka ni ya zamani sana: si bei tu, bali ni mkono ushikao kipimo.

Katika wenye maduka waliofika mbali barani, aliyejulikana sana ni Allidina Visram. Alizaliwa Kutch, katika Bara Hindi, mwaka 1851, akaja pwani yetu mwaka 1863, angali kijana mdogo. Alianzia kazi Bagamoyo chini ya tajiri Sewa Haji Paroo, kisha akafungua matawi katika njia ya misafara hata Tabora na Ujiji. Reli ya kutoka Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1896 ikafika Kisumu mwaka 1901, ilipokuwa ikienda, maduka yake yaliifuata. Alikufa mwaka 1916. Wengi waliotumwa naye, na wengine waliomwiga, walikaa peke yao mahali pasipo mji, wakiuza chumvi, nguo na sukari, na kununua mazao ya watu. Kwa hiyo mwanakijiji hakuhitaji tena kutembea siku nyingi. Lakini palipokuwa na duka moja tu, mwenye duka ndiye aliyekata bei ya mahindi yako na bei ya chumvi yake pia.

Manung'uniko hayo yalidumu miaka mingi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, biashara kubwa ya jumla ilitiwa mikononi mwa serikali. Kisha mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka: maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe, mahali pake yashikwe na maduka ya kijiji. Nia yake ilikuwa kumwondolea mkulima unyonyaji, na nia hiyo hatuilaumu. Ila kuvunja nyumba ni kazi ya siku moja, na kujenga ni kazi ya mwaka. Vijiji vingi havikuwa na fedha za kununua bidhaa, wala gari la kuzileta, wala mtu ajuaye kuandika hesabu. Duka la zamani likafungwa, jipya halijafunguliwa, na mama wa nyumbani akabaki na chungu kisicho na chumvi. Mwaka ule ule serikali ilirudi nyuma, ikaagiza duka lisifungwe kabla duka la kijiji halijawa tayari. Ikaja vita ya mwaka 1978 na 1979, na baadaye uhaba na foleni ndefu za sukari na sabuni. Tangu mwaka 1984, wafanyabiashara waliporuhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, rafu zilianza kujaa tena.

Tusemeje basi? Twaona ya kuwa duka haliwi jema kwa sababu ni la tajiri, wala kwa sababu ni la kijiji. Huwa jema pale mwenye kulishika anapowajua wanunuzi wake, nao wakiwa na uwezo wa kumwambia, "Ndugu, kipimo hiki kimepunjwa," au kwenda kwa jirani yake. Ukiwa mgeni mahali, usiangalie rangi ya mlango. Tazama kama unga wake hutoka upesi, usikae hata ukaingia fukusi. Tazama kama mizani imewekwa mbele ya mnunuzi. Zaidi ya yote, uliza ni duka gani wazazi huwatuma watoto wadogo peke yao, na chenji ikarudi nyumbani kamili. Hilo ndilo duka.

Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Nasi twaongeza: uaminifu nao hujazwa vivyo hivyo, kidogo kidogo, tena humwagika wote mara moja.