Mpagazi Chini ya Miembe ya Kwihara

Wapo wanaosema kwamba Kiswahili kilipelekwa bara na wafanyabiashara wa pwani, kana kwamba lugha ni bidhaa iliyofungwa Unguja ikafunguliwa Tabora. Kauli hiyo haijapata kuniridhisha, na ziara yangu ya Kwihara imenizidishia shaka.

Mgeni wa Mufindi hulakiwa na mashamba ya chai; mgeni wa Kwihara, kilomita chache kutoka Tabora mjini, hulakiwa na miembe. Mwembe asili yake ni Bara Hindi, nao ulifuata njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Wenyeji husimulia kuwa kokwa zilitupwa na wapita njia, zikaota.

Wageni wengi huja kuliona tembe alimokaa David Livingstone. Yeye na Henry Stanley walifika hapo Februari 1872. Stanley akaondoka Machi, Livingstone akabaki hadi Agosti. Alikuwa akingoja nini miezi yote hiyo? Wapagazi! Bila mabega yao daktari yule mashuhuri hakuweza kuendelea na safari. Oktoba 1873 kina Chuma na Susi waliirudisha maiti yake papo hapo, wakiwa njiani kuelekea pwani.

Wanyamwezi hawakungoja kufuatwa. Walipeleka pembe za ndovu pwani kwa miguu hata kabla wafanyabiashara wa Zanzibari hawajafanya makao Unyanyembe. Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, na safari ilichukua miezi mitatu au zaidi. Kijana aliyekaa Bagamoyo akingoja msafara wa kurudi alijifunza lugha ya pale, akarejea nayo kwao. Ndiyo maana nasema Kiswahili kiliendewa kabla ya kuletwa.

Lugha yenyewe inashuhudia. Bagamoyo, wengi husema, ni "bwaga moyo". Wengine huyaona humo machozi ya mtumwa aliyekata tamaa. Mimi naona pia pumzi ya mpagazi aliyefika na kuutua mzigo. Tabora nayo hunasibishwa na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kukaushwa. Ni chakula cha msafiri hasa.

Lakini njia hiyo tusiitakase. Mpagazi wa ujira na mtumwa walipita humo humo, pengine katika msafara mmoja. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makao Tabora, aliandika maisha yake kwa Kiswahili fasaha chenye mwendo wa mazungumzo. Tunaopenda nathari ya kale hatuna budi kuyasoma, na tuyasome tukijua kwamba kalamu ile ilikuwa ya mfanyabiashara wa pembe na watu. Wapagazi wake hawakutuachia kitabu.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na misafara ikafifia. Neno halikufa. Siku hizi nalisikia zaidi Marangu, ambako vijana huitwa wapagazi na kubeba mizigo ya watalii kupanda Kilimanjaro. Kiwango walichowekewa ni kilo 20.